Alinunua Gitaa Jipya kwa Hela ya Kikoba cha Mkewe, Sauti Ikabaki Ile Ile

Saa tano usiku, Jumamosi ya katikati ya Desemba, ukumbi mmoja wa wazi pande za Sinza. Meza zimejaa, nyama choma inafuka moshi, bendi iko kazini na wimbo umefika pale ambapo watu huwa wanapasubiri. Mwimbaji ananyamaza, ngoma zinapanda, na gitaa la solo linatakiwa lishike usukani.

Jamaa akasogea mbele, akafumba macho, vidole vikaanza kukimbia.

Hakuna kilichosikika.

Sio kwamba gitaa lilikuwa limezima. Lilikuwa linalia, ila kwa mbali, kama simu inayoita ndani ya begi la mtu wa siti ya nyuma kwenye daladala. Besi ilikuwepo, ngoma zilikuwepo, kinanda kilikuwepo. Yeye ndiye hakuwepo. Dada mmoja aliyeshainuka kwenda kucheza akasita, akaangalia jukwaani, akarudi kukaa. Kiongozi wa bendi akamnyooshea kidole mpiga kinanda: chukua wewe. Dogo wa kinanda akabonyeza kitufe, akachagua sauti ya gitaa, akamaliza solo kwa vidole viwili huku anatafuna bigijii.

Yaani solo ya gitaa imepigwa na kinanda, na mpiga gitaa mwenyewe amesimama pale pale na gitaa lake begani. Mdau, kama hujawahi kusimama jukwaani huwezi kujua aibu ya namna hiyo inauma wapi.

Baada ya shoo kiongozi hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alimwambia taratibu tu, "Dogo, hilo gitaa limezeeka. Mwaka mpya ukianza, uwe na gitaa linalosikika, la sivyo kinanda kitatutosha."

Gitaa lenyewe jamaa alilirithi kwa mjomba wake. Mjomba alikulia Morogoro, mji wa Mbaraka Mwinshehe, na kama vijana wengi wa rika lake aliamini kuwa gitaa la solo ndilo linalobeba wimbo mgongoni. Alipofariki hakuacha shamba wala kiwanja. Aliacha gitaa moja la rangi ya maziwa lililogeuka njano, na mpwa mmoja aliyekuwa anajua kulipiga. Kwa hiyo ukisema gitaa limezeeka, kwa jamaa ni kama umesema mjomba kafa mara ya pili.

Lakini kila mtu alisema hivyo hivyo. Mpiga besi alisema pikapu zimekufa. Pikapu hapa sio gari la kubebea mchanga, ni vile vipande virefu vilivyolala chini ya nyuzi, ndivyo vinavyosikiliza. Kijana wa duka moja la vyombo Kariakoo naye alilitazama gitaa bila hata kulishika, akasema, "Bro, hili la makumbusho. Chukua jipya, laki nne na nusu, na begi nakupa."

Mtu pekee aliyesema tofauti alikuwa mkewe.

Mke anauza juisi na barafu Mburahati, anapanga ndoo mbili mbele ya nyumba waliyopanga chumba. Jumamosi nyingine huwa anakwenda ukumbini, anakaa nyuma kabisa karibu na kaunta, mtoto amelala mapajani. Asubuhi ile alimwambia mumewe, "Hilo gitaa lilikuwa zima mpaka pale walipoondoa lile spika la nyuma yako. Tangu hapo ndio likaanza kupungua."

Jamaa akacheka kidogo. "Mama, haya mambo ya kiufundi. Achana nayo."

Mama akaachana nayo.

Kanga iliyofungwa fundo

Sasa hapa ndipo wanaume wengine watainamisha vichwa.

Kikoba cha mkewe kilikuwa kimevunjwa wiki ile ile. Mwaka mzima wa kuweka hisa kila Jumapili ulimpa laki nne na elfu themanini. Hela ya friji. Friji la mtumba alikuwa ameshaliona, ameshaliwekea mkono, amebakiza kulipia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: joto la Dar linapamba moto Desemba mpaka Februari, na mwenye friji miezi hiyo ndiye anayeuza barafu kwa wasio nalo. Hela akaifunga fundo kwenye kanga, akaisukuma chini ya nguo za mtoto.

Alhamisi, mke akiwa sokoni, jamaa akafungua fundo. Akatoa laki nne na nusu, akaacha elfu thelathini, akafunga tena vizuri kama alivyolikuta. Moyoni anajiambia, "Nazirudisha kabla Januari haijaisha." Kwa shoo moja analipwa elfu ishirini na tano. Fanya mwenyewe hesabu uone angerudisha vipi.

Jumamosi akapanda jukwaani na gitaa jipya linang'aa kama sahani ya harusi. Washikaji wakapiga mluzi. Akachomeka kebo yake, ikapita kwenye pedali yake, ikaingia kwenye mixa ya ukumbi kama siku zote.

Likafika lile eneo. Mwimbaji akanyamaza. Jamaa akasogea mbele.

Sauti ile ile. Mbali, nyembamba, ndani ya begi.

Alipofika nyumbani usiku ule alikaa nje kwenye ndoo ya barafu iliyogeuzwa mpaka adhana ya alfajiri. Laki nne na nusu imekwenda, sauti haijarudi, na ndani kuna mtu amelala akiamini hela yake ipo chini ya nguo za mtoto.

Mzee wa Mwananyamala

Jumatatu akabeba magitaa yote mawili akaenda kwa mzee mmoja Mwananyamala. Mzee ni fundi redio, zamani alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi za dansi. Kibanda chake kina redio zilizokufa mpaka juu ya bati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona umebeba mapacha?"

Jamaa akaeleza yote, isipokuwa hela imetoka wapi. Mzee akasikiliza, akauliza swali moja tu: "Ulipobadilisha gitaa, kebo ulibadilisha?"

"Hapana."

"Pedali?"

"Ile ile."

"Umechomeka wapi?"

"Pale pale."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwenye shati. "Basi gitaa jipya limekupa jibu la bei mbaya. Umebadilisha kitu kimoja, vitatu umeviacha, tatizo limebaki. Maana yake lile tatizo kubwa haliko kwenye gitaa. Hilo jibu ungeazima gitaa la jirani ungelipata bure."

Kabla hajashika kitu, mzee akaeleza sauti inapotoka, maana alisema huwezi kumtafuta mwizi wa nyumba usiyoijua milango yake. Ndani ya pikapu kuna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, unachezesha nguvu ya sumaku, na kwenye ule waya unazaliwa umeme kidogo sana. Huo umeme mdogo ndio sauti. Unatoka kwenye pikapu, unapita swichi, unapita volyumu na toni, unafika kwenye jeki pale pa kuchomekea, unaingia kwenye kebo, unapita pedali, ndipo unakutana na ampu au mixa ya kuukuza.

"Umeme wenyewe mdogo, na safari ndefu," mzee akasema. "Kila kituo kikila kidogo, unafika kwa spika hauna kitu. Vijana mnatafuta jambazi mmoja aliyeiba sauti yote. Mara nyingi hakuna jambazi. Kuna wadokozi watano."

Kisha akatoa kanuni mbili. Ya kwanza: badilisha kitu kimoja kwa wakati, sikiliza, ndipo uende kingine. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, hata ukipona hujui dawa ilikuwa ipi. Ya pili: anza na kilicho nje na cha bei ndogo, malizia na kilicho ndani na cha bei kubwa. Jamaa alianza na cha laki nne na nusu.

Wadokozi mmoja mmoja

Mzee alikuwa na ampu ndogo ya gitaa pale kibandani, kuukuu lakini nzima. Akachukua kebo yake mwenyewe, akachomeka gitaa jipya, bila pedali. Likalia mpaka muuza mihogo wa jirani akageuka. Akaweka gitaa la mjomba, kebo ile ile. Likalia nalo, kwa sauti ya chini zaidi na kwa kukwaruza, lakini lilikuwa hai. Jamaa akameza mate. Gitaa la mjomba lilikuwa hai.

Halafu mzee akatoa kebo yake, akaweka ya jamaa. Sauti ikashuka hapo hapo.

Mdokozi wa kwanza: kebo. Ilikuwa imewahi kukatika, jamaa akaiunga kwa kusokota waya na kufunga solotepu. Mzee akaibandua ile solotepu, ndani kumeota kutu ya kijani. Tena kebo yenyewe ilikuwa ndefu kupita kiasi, ya kuzunguka jukwaa lote wakati jamaa husimama sehemu moja. Kebo ndefu inapunguza ule ukali wa juu, gitaa linakuwa kama linaongea huku limeziba mdomo kwa shuka. Na kuna watu wanatumia waya wa spika kama kebo ya gitaa. Waya wa spika hauna ile nyavu ya kuzunguka ya kuzuia makelele, unaokota kila mngurumo wa umeme uliopo jirani.

Mdokozi wa pili: betri ya pedali. Mzee akaipima kwa mita. Betri ya volti 9 ilikuwa imebaki na tano na kitu. Jamaa akashangaa, mbona pedali huwa haikanyagi muda mwingi? Mzee akamwambia pedali nyingi zinaanza kula betri pale tu unapochomeka kebo ya kuingilia, hata taa yake isipowaka. Yeye alikuwa anamaliza shoo anaacha imechomekwa mpaka wiki ijayo. Magitaa yenye pikapu za kutumia betri nayo yana tabia hiyo hiyo, ukiacha kebo kwenye jeki inaendelea kunyonywa usiku kucha.

Kwenye gitaa jipya hapakuwa na la kutafuta. Likawekwa pembeni. Wadokozi waliobaki walikuwa ndani ya gitaa la mjomba.

Mdokozi wa tatu: nyuzi. Hapa mzee alicheka mpaka akakohoa. Zile nyuzi nene tatu zilikuwa na rangi ya shaba, za gitaa kavu. Pikapu inasikia chuma kinachovutwa na sumaku, na nyuzi zilizoviringishwa shaba nyekundu ya namna ile inazisikia kwa shida. Ndio maana nyuzi nyembamba za chini zilikuwa zinasikika kidogo na zile nene zinapotea. Jamaa alikuwa amezinunua kwa sababu zilikuwa bei rahisi na muuzaji alisema "nyuzi ni nyuzi."

Mdokozi wa nne: umbali. Kila pikapu inashikwa na skrubu za kuipandisha na kuishusha. Kwa miaka ya kutikisika, ya gitaa la mjomba ilikuwa imezama, iko mbali na nyuzi. Mzee akabonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, akapandisha pikapu mpaka pakabaki kama milimita 2 hadi 3. Jamaa akasema ipandishwe zaidi. Mzee akakataa: ikikaribia mno, sumaku inauvuta uzi, noti inayumba na inakufa haraka. Ukaribu nao una kiasi chake.

Mdokozi wa tano: volyumu na jeki. Ile volyumu ya kuzungusha ilikuwa inakwaruza, na ukiifikisha mwisho sauti inakuwa ndogo kuliko ukiirudisha nyuma kidogo. Uchafu na uchakavu. Mzee akapuliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, akaizungusha mara ishirini kwenda na kurudi. "Na usije ukaweka mafuta ya cherehani humu. Yanalainisha leo, kesho yanakamata vumbi lote la Kinondoni." Kisha akachomeka kebo nzima kwenye gitaa, upande wa pili akashika ncha na mwili wa plagi kwa mita, volyumu imefunguliwa yote. Pikapu ya nyuma ikasoma omu elfu saba na ushee, safi. Ya mbele ikawa inarukaruka, mara namba, mara hakuna kitu. Akafungua, akakuta waya wake umeachia kwenye swichi, lehemu imepasuka. Akaiyeyusha upya, namba ikatulia.

Mzee akamwonyesha na kipimo cha maskini, kwa asiye na mita. Chomeka gitaa, sauti ndogo kwenye ampu, kisha gusa taratibu juu ya pikapu kwa ncha ya bisibisi. Ikisema "to!" kubwa, iko hai. Ikikaa kimya, tatizo liko kwake au kwenye waya wake. Lakini akamkanya na jambo moja kwa sauti ya ukali: gitaa lifungue utakavyo, ila ampu usiifungue. Hata ikichomolewa ukutani, ndani yake kuna vifaa vinavyotunza umeme wa kuua mtu.

Jioni ikaingia. Gitaa la mjomba likawekewa nyuzi za chuma, likachomekwa kwenye ampu ya mzee. Likalia. Jamaa akapiga kipande alichofundishwa na mjomba akiwa darasa la sita. Alipomaliza hakusema kitu, na mzee akajifanya anatafuta bisibisi.

Swali la mwisho

"Sasa," mzee akasema, "hawa wote watano ni wadokozi tu. Kebo na betri ulizibeba ukaziweka hata kwenye gitaa jipya, sawa. Lakini ile sauti ya kufa unayonisimulia haitoshi kuelezwa na hao peke yao. Ukumbini unachomeka wapi?"

"Kwenye mixa."

"Ampu ya gitaa haipo?"

"Ilikuwepo. Iliharibika Oktoba, meneja akasema ni gharama. Akasema mbona kinanda kinaingia moja kwa moja kwenye mixa."

Mzee akapiga goti kwa kiganja. "Huyo hapo! Kinanda kina umeme wake, kinatoa sauti yenye nguvu, kinaingia popote. Gitaa lako halina umeme, linatoa kile kidogo kilichozaliwa na sumaku."

Akatumia mfano wa bomba. Nyumba ya kupanga yenye bomba moja lenye presha ndogo: ukifungua kidogo, maji yanaruka. Wapangaji wote wakifungua kwa wakati mmoja, yanadondoka tone tone. Ampu ya gitaa inafungua kidogo sana, njia yake ya kuingilia ina ukinzani wa kama omu milioni moja, kwa hiyo gitaa halichoki. Njia ya kawaida ya mixa, ile ya kinanda, mara nyingi ina omu elfu kumi hivi. Hiyo inafungua bomba zote. Gitaa linanyongwa: nguvu inashuka, ukali unapotea. Fundi mitambo akiamua kuongeza, anaongeza na makelele.

"Na ile pedali ndiyo iliyokuwa inakusitiri," mzee akaendelea. "Pedali ya aina yako ikiwa na betri nzima inapokea mzigo katikati, inaisukuma sauti. Betri ilivyokufa kidogo kidogo, na wewe ukafa kidogo kidogo. Ndio maana hukuona siku gani ilianza."

Dawa ni tatu, chagua moja: rudisha ampu ya gitaa na uiwekee maikrofoni, au tafuta mixa yenye njia ya gitaa, nyingine zina kitufe kimeandikwa Hi-Z, au weka katikati kiboksi cha DI kinachotumia umeme. Mzee alikuwa nacho kimoja cha mkononi. Elfu arobaini, kwa mkopo.

"Lakini hukuona kuwa lilianza pale ampu ilipoondoka?" mzee akauliza wakati anakifunga kwenye gazeti.

Jamaa akakaa kimya muda. "Mke wangu aliniambia."

"Ulimjibu nini?"

Hakujibu. Mzee hakurudia swali.

Hesabu yote ilikuwa hivi: kebo fupi nzuri elfu kumi na tano, betri elfu nne, nyuzi elfu kumi na mbili, kazi ya mzee elfu kumi, kiboksi elfu arobaini. Jumla elfu themanini na moja, badala ya laki nne na nusu.

Chumba kimoja, watu wawili

Gitaa jipya alilirudisha dukani, wakakataa kulipokea. Mwishowe kwaya moja ikalichukua kwa laki tatu na ishirini. Jumatano usiku, mtoto amelala, akamwekea mkewe zile hela juu ya kitanda na akaanza kueleza. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa machozi.

Mke akazihesabu kimya kimya. Laki tatu na ishirini. Akainuka, akatoa ile kanga, akaongeza zile elfu thelathini juu yake.

"Nilijua tangu Ijumaa," akasema. "Fundo langu huwa nalifunga kwa kulia. Wewe ulilifunga kwa kushoto. Nilikuwa nasubiri nione utasema lini."

Jamaa akaomba msamaha. Akasema alidhani ni gitaa.

"Mimi nilikwambia ni spika. Ukaniambia niachane nayo. Sasa hapa mwenye sauti ndogo nani, mimi au gitaa?"

Hilo swali ndilo limemfanya jamaa asimulie kisa hiki kwa kila anayekaa naye. Siku tano aliishi ndani ya chumba kimoja na mtu aliyejua kila kitu, anampakulia chakula, anamwandalia maji ya kuoga, anasubiri. Na siku zote hizo yeye alikuwa akitafuta wapi sauti inapopotelea.

Jumamosi iliyofuata walikwenda ukumbini wote, mapema, kabla watu hawajaingia. Jamaa akachomeka: gitaa la mjomba, kebo fupi, pedali yenye betri mpya, kiboksi, mixa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamwomba mkewe akakae pale pale anapokaaga, nyuma karibu na kaunta, amwambie anasikia nini. Maana anayepiga amesimama ubavuni mwa spika, siku zote anajidanganya. Anayejua ukweli ni aliyekaa nyuma.

Akapiga.

"Inasikika," mama akapaza sauti kutoka nyuma, "ila nyembamba! Kali juu, katikati hamna kitu!"

Fundi mitambo akamtazama jamaa, anataka kucheka. Jamaa akamwambia, "Fanya anavyosema." Sauti ya katikati ikapandishwa, ya juu ikapunguzwa, na mpiga kinanda akaambiwa ashushe mkono wake wa kushoto maana walikuwa wanagombania sehemu moja. Hapo gitaa likatoka mbele lenyewe, bila hata kuongezwa volyumu. Sauti za katikati ndiyo nyumba ya gitaa, hata mafundi wakubwa watakwambia.

Usiku ule, ulipofika wakati wa solo, kiongozi wa bendi hakunyoosha kidole kwa mtu.

Tungependa kumalizia hapo, watu wanacheza, kila kitu freshi. Lakini friji halikununuliwa Desemba. Lile la mtumba mwenyewe aliuza kwa mtu mwingine. Pengo la laki na thelathini lilizibwa kwa Jumamosi moja baada ya nyingine, na deni la mzee lilisubiri foleni nyuma yake. Friji limeingia ndani ya kile chumba mwezi wa tatu mwishoni, dogo kuliko la mwanzo, wakati mvua imeshaanza na barafu haina mnunuzi. Msimu mzima wa joto mama aliuza juisi ya kwenye ndoo. Hilo halina lehemu. Linalipwa polepole tu.

Siku hizi jamaa akirudi kutoka shoo anafanya mambo mawili kabla hajalala. La kwanza, anachomoa kebo kwenye pedali ili betri isiliwe. La pili, anamuuliza mkewe ilikuwaje. Na anasubiri jibu mpaka mwisho.

Haya wadau, kitu gani ulikibadilisha kwa hela nyingi, kumbe tatizo lilikuwa kwenye waya? Na nani alikwambia mapema ukamwona hajui kitu? Funguka hapo chini, na wapiga magitaa mnaojua wadokozi wengine waongezeni, kuna dogo mahali anakaribia kuliuza gitaa la mjomba wake.